Asali Isiyo na Jina: Ionje Kwanza, Hukumu Baadaye

Wiki hii msomaji wangu wa Nkuhungu amenitumia picha ya chupa ya asali aliyonunua barabarani Manyoni. Haina lebo, haina jina la aliyeirina, na nusu ya chini imeganda kama samli. Anauliza: "Kaka, nimepigwa?"

Dada yangu, kuganda peke yake si ushahidi wa kupigwa. Asali ni glukosi na fruktosi zikiwa kwenye maji machache. Glukosi ikiwa nyingi, maji yale hayaimudu yote, inajitenga punje punje, na kasi inaongezeka kwenye ubaridi wa nyuzi kama 14. Usiku wa Dodoma mwezi wa saba mnaujua wenyewe.

Jambo hili linaniuma. Mwaka jana, majira hayo hayo ya baridi, nilipeleka ndoo za asali ya Itigi kwenye hoteli moja hapa mjini. Mpokea mizigo alifunua ndoo ya kwanza, akaona imeganda, akasema mbele ya wapishi wote: "Hii umechakachua, umetia sukari." Hakuchovya hata kidole. Asali ile niliifuata mwenyewe kwa warina wenye mizinga ya magogo, nikaichuja mwenyewe. Nilipakia ndoo zangu kwenye bajaji nikaondoka, na mpaka leo nikipita pale roho haitulii.

Ndiyo maana nasema: onja. Achana na majaribio ya mtaani: achana na kiberiti, achana na sisimizi, achana na tone kwenye glasi ya maji kuona kama litazama. Sharubati nzito ya sukari nayo inazama chini vizuri tu.

Mimi natia kijiko kimoja kwenye glasi ndogo, nafunika kwa kiganja dakika chache, kisha nafungua na kunusa hapo hapo. Asali ya porini ina habari nyingi puani: maua, nta, wakati mwingine moshi wa mrinaji aliyetumia moto. Sharubati ya sukari ni kimya. Halafu naweka kidogo ulimini bila kumeza haraka. Utamu unatangulia, huo usikudanganye. Subiri kinachofuata: uchachu kidogo, kukereketa kooni, uchungu wa mbali unaobaki baada ya kumeza. Utamu ukija mmoja tu na kukatika ghafla, hapo uwe na mashaka. Ukikuta povu na harufu ya pombe, imechacha kwa maji mengi. Kiwango cha kimataifa ni maji yasiyozidi asilimia 20. Ila asali ya nyuki wadogo, wale wasio na mwiba, usiipime kwa kipimo hicho, yenyewe ni nyepesi na chachu kwa asili yake.

Juzi rafiki zangu wa Area C waliniwekea glasi tatu bila kuniambia ni nini. Moja nikasema nyuki wadogo. Ya pili, ya msitu wa miombo, imerinwa kwa moto. Ya tatu ilikuwa na harufu ya sukari iliyoungua, nikawaambia hii imechemshwa. Zote nilipatia, na nilifurahi sana, sifichi.

Ninyi mnaotaka kuingia kwenye biashara hii, na najua mpo wengi, zoezeni pua kabla ya kununua ndoo. Nusa, onja, nusa tena. Muulize muuzaji imetoka msitu gani na imerinwa lini, uandike kwenye chupa. Iliyoganda iweke kwenye maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, usiichemshe. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja usimpe asali kabisa, hata iwe safi namna gani.

Ulimi hautoi cheti. Ukibaki na shaka, peleka sampuli maabara, Shirika la Viwango wanapima. Lakini kumwita mtu mwizi mbele ya wapishi wakati kijiko kipo mezani, hapana. Mnawavunja moyo watu waliolala porini kuitafuta.