Unaanza utafiti wa seli? Weka akiba kwenye naitrojeni ya kimiminika kabla ya jaribio la kwanza

Anayeanza shahada ya uzamivu katika baiolojia ya seli na tishu mara nyingi hupokea chupa ya seli kutoka kwa mwenzake wa maabara, na kesho yake yuko kwenye majaribio. Matokeo ya miaka yote inayofuata yanajengwa juu ya seli ambazo hakuna aliyezihakiki.

Seli ngeni zitenge kwenye inkubeta ya peke yake mpaka uzipime mikoplazma. Bakteria huyu hatii midia (majimaji ya kukuzia seli) ukungu kama wengine. Hana ukuta wa seli, kwa hiyo penisilini haimgusi, na udogo wake unamwezesha kupenya chujio la mikromita 0.22. Seli zitaendelea kukua, pengine kwa kusuasua, huku utendaji wa jeni unazozichunguza ukibadilika bila wewe kujua. PCR, kipimo kinachorudufisha DNA ya bakteria huyo ili ionekane, itakupa jibu siku hiyohiyo. Kama huna, paka rangi ya Hoechst, inayoshika DNA, na utazame kwa hadubini ya mng'ao: panapaswa kung'aa viini tu. Ukiona nukta kama vumbi nje ya kiini, tupa chupa hiyo. Kuitibu kunawezekana, lakini kunakula wiki nzima nzima na seli zinazobaki si zilezile. Pima tena kila mwezi.

Hakiki pia utambulisho wa seli zako kwa kipimo cha STR, yaani alama za DNA zinazotofautisha mtu na mtu. Seli za HeLa, zilizochukuliwa kutoka kwa mgonjwa Henrietta Lacks huko Baltimore mwaka 1951, zinakua kwa kasi kiasi kwamba tone moja kwenye chupa ya seli nyingine hatimaye huitwaa chupa nzima. Mwaka 1966 mwanajenetiki Stanley Gartler alionyesha kwamba laini nyingi za seli (koo za seli zinazokuzwa maabara) zilizodhaniwa kuwa tofauti zilikuwa HeLa. Basi usifungue chupa za laini mbili kwa wakati mmoja, wala usichangie chupa ya midia kati yake.

Zikishapita vipimo, gandisha mapema, pasaji (mara ambazo seli zimehamishiwa chupa mpya) ikiwa bado ndogo. Chukua seli zilizofunika kama asilimia 80 ya sakafu ya chupa, kwa sababu zilizosongamana huamka vibaya. Zioshe kwa PBS (maji ya chumvi yasiyodhuru seli) mara mbili kabla ya tripsini, kimeng'enya kinachozibandua. Mabaki ya seramu huizima tripsini, nawe utabaki ukisubiri seli zisizobanduka. Dakika 2 hadi 5 zinatosha. Gonga ubavu wa chupa taratibu, utaona tabaka la seli likiteleza kama mchanga laini. Weka seli milioni 1 hadi 2 kwa kila kichupa cha mililita 1, kwenye seramu yenye asilimia 10 ya DMSO, kemikali inayozikinga na barafu. Hapa usizubae, kwani DMSO huzidhuru seli zikikaa nayo kwenye joto la chumba. Joto lishuke nyuzi 1 kwa dakika hadi −80, ili maji yatoke ndani ya seli kabla ya kuwa barafu ya kuzichana. Kesho yake zihamishie kwenye naitrojeni ya kimiminika. Zikiachwa −80 kwa miezi, zinakufa polepole. Wiki moja baadaye yeyusha kichupa kimoja haraka kwa nyuzi 37 na uhesabu seli zilizo hai kwa tripani buluu, rangi inayoingia seli zilizokufa tu. Zikiwa chini ya asilimia 80, gandisha upya sasa, chupa mama ikiwa bado ipo.

Jambo ambalo wahakiki wa majarida hulishika haraka ni hesabu ya n, yaani idadi ya majaribio yanayojitegemea. Visima vitatu vya sahani ya maabara vilivyojazwa seli za chupa moja, siku moja, ni jaribio moja lililopimwa mara tatu. Vinaonyesha uthabiti wa mkono wako na pipeti, basi. Majaribio matatu ni siku tatu, kwa seli za pasaji tofauti au vichupa tofauti. Kwa seli zilizotoka moja kwa moja kwa wagonjwa au wanyama, n ni idadi ya waliozitoa, hata ukipiga picha za seli elfu moja kwa kila mmoja. Amua n kabla ya kuyeyusha kichupa cha kwanza, kwa maana idadi ya vichupa vya kugandisha hutokana nayo.