Maswali yenu: Nimetia grafini, mbona madgadi bado inapasuka?

SWALI: Fundi habari ya kazi? Mimi niko Kariobangi, natengeneza madgadi na kava za pikipiki kwa kitambaa cha kaboni, tabaka nne na gundi ya epoksi. Kuna jamaa aliniuzia poda nyeusi akasema ni grafini, eti ukichanganya na epoksi kitu hakivunjiki hata ukikirusha kutoka ghorofani. Nikaweka vijiko vitatu vya supu kwa kilo moja, nikakoroga na drili. Juzi spana imeangukia madgadi, sio kutoka mbali hata, juu hakuna alama lakini nikiigeuza naona nyufa upande wa chini. Nimeibiwa ama nimekosea?

JIBU: Pole ndugu yangu, huenda ni zote mbili.

Tuanze na hio spana. Madgadi yako ni nyembamba, ikigongwa juu inabonyea, kwa hivyo upande wa chini ndio unavutwa, na epoksi ya chini inapasuka kwanza. Ufa unapanda mpaka unafika pale tabaka mbili zimekutana, hapo unageuka na kukimbia kando kando, tabaka zinaachana na wewe juu huoni kitu. Hata Boeing 787, ambayo karibu nusu ya uzito wake ni vitu vya aina hii, hukaguliwa pia na mashini za mawimbi ya sauti kwa sababu macho hayatoshi.

Sasa grafini haiongezi nguvu ya nyuzi za kaboni, hizo ziko sawa tayari, kazi yake iko kwa epoksi. Ni karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja, ugumu wake wa kuvutwa ni kama gigapaskali 1,000 na epoksi ina kama 3 tu. Ufa ukikutana nayo lazima uzunguke, ugawanyike ama uing'oe, na kila mojawapo inakula nguvu ya ile spana, kwa hivyo pale tabaka zinapoachana panakuwa padogo. Lakini kitu kikigonga kwa nguvu ya kukata nyuzi zenyewe hapo grafini haikusaidii, afadhali uongeze tabaka la Kevlar, kile kitambaa cha nyuzi zisizokatika haraka, ndani. Ya ghorofani sahau.

Makosa yako ni kama ya mtu anapika uji na kumwaga unga mkavu kwa maji yanayochemka. Mabonge! Karatasi za grafini zinapenda kushikana, drili haiwezi kuziachanisha, na kila bonge ni mahali epoksi haijaingia vizuri, yaani umeupa ufa pa kuanzia. Vijiko vitatu huenda ni vingi, watu hukaa kati ya gramu 1 na 5 kwa kilo ya epoksi, na poda hii ni nyepesi kama masizi kwa hivyo kijiko hakikuambii kitu, tafuta ile mizani ndogo ya sonara. Anza na gramu 2. Changanya kwanza na epoksi kidogo mpaka iwe laini kabisa, ndio uongeze ile ingine, na hadena, ile ya kuigandisha, iingie mwisho. Wengine hutumia ile mashini ya mafundi wa simu ya kuosha bodi zilizoingia maji, poda ikiwa ndani ya asetoni kwa chupa iliyofungwa, lakini asetoni inashika moto haraka na ikibaki kwa epoksi inailegeza, kwa hivyo kama huna pa kuikausha salama, wacha. Na vaa maski, hio vumbi si ya kuvuta.

Kama unavuta epoksi na vakyumu, jua kitambaa kinaichuja kama chujio la chai, poda inabaki pale mrija unaingilia. Afadhali upake na brashi tabaka kwa tabaka.

Kuhusu kuibiwa, mwaka wa 2018 watafiti walipima poda za wauzaji 60 duniani, na nyingi zilikuwa na grafini chini ya asilimia 10, sehemu kubwa iliyobaki ni grafiti, yaani ile ya penseli. Kwa hivyo usimwamini jamaa, pima. Tengeneza vibao viwili vinavyofanana, kimoja na poda kimoja bila, angusha spana ile ile kutoka urefu ule ule, halafu gonga gonga na sarafu ya shilingi 20. Pazima panalia ngi ngi kama kengele, palipoachana panalia dup. Chora mpaka wa palipoachana na chaki kwa vyote viwili. Ikiwa michoro imetoshana, mrudishie poda yake.

SWALI: Fremu ya baiskeli yangu ya kaboni iligongwa Ngong Road. Fundi anataka kuipaka epoksi ya grafini juu. Itapona?

JIBU: Hapana. Huenda tabaka zimeachana ndani, na epoksi ya kupaka juu haifiki huko. Usiipande mpaka ikaguliwe.