Kabla Hujamzika Kinda, Mtazame Shingoni

Asubuhi moja ya Julai, wakati baridi ya Arusha inapomfanya mtu aogope hata kunawa uso, nilikuta kinda wa siku kumi amekufa katikati ya kiota, ndani ya tundu la ndege wangu. Baba na mama yake walikuwa juu ya kijiti wanapiga zile kelele zao za honi ya baiskeli ya mtoto, kana kwamba hakuna lililotokea. Binti yangu akauliza, "Baba, wamemuua?" Nikamjibu ndiyo. Niliwasingizia.

Ndege wenyewe ni wale chiriku milia wa Australia, mdomo mwekundu, dume ana mashavu ya rangi ya chungwa. Wengi tunawaita finchi tu. Kila anayewafuga huambiwa kwamba ni wepesi kuzaa, na ni kweli. Wasichokuambia ni kwamba utazika.

Nilipomweka yule kinda kwenye kiganja ndipo nikaona. Ngozi ya kinda ni nyembamba, na shingoni ana kifuko cha chakula kinachoonyesha kila kilichomo. Kifuko chake kilikuwa kimejaa uwele, punje kwa punje. Kwa hiyo jioni wazazi walimlisha akashiba, usiku baridi ikamchukua. Kinda akifika wiki moja hivi, wazazi huanza kuacha kumlalia usiku. Wakiwa wanne au watano wanapeana joto wenyewe. Wangu alikuwa peke yake, manyoya hayajamfunika, na tundu nilikuwa nimeliegemeza kwenye ukuta wa dirishani. Aliyeliegemeza ni mimi.

Tangu siku hiyo simziki kinda kabla sijamtazama shingoni. Akiwa ameshiba, natafuta baridi au kitu kilichowashtua wazazi usiku. Paka akipita dirishani gizani, mama huruka kutoka kiotani, kisha haoni njia ya kurudi, na makinda wachanga wanaganda hadi alfajiri. Sasa tundu liko ukuta wa ndani, usiku nazungushia blanketi pande tatu, na ninaacha kijitaa hafifu ili aliyeruka aone pa kurudi.

Kifuko kikiwa kitupu, hilo ni jambo jingine. Usihamaki kwa aliyeanguliwa leo, maana saa za mwanzo bado anaishi kwa kiini cha yai alilotoka nalo. Lakini wa siku mbili, tatu, shingo tupu asubuhi nzima? Huyo ana njaa. Mara nyingi ni kitinda mimba. Jike hutaga yai moja kwa siku, manne hadi sita, na huanza kuatamia kabla hajamaliza, basi wa kwanza akishapata nguvu za kunyoosha shingo, wa mwisho ndiyo kwanza anatoka. Mwenye shingo ndefu ndiye anayelishwa.

Hapo nami nina dhambi yangu. Nilimchukua kitinda mimba mmoja nikamlisha uji kwa bomba la sindano. Ukampalia. Alitikisa kichwa mara mbili, akafia mkononi mwangu, uji ukimtoka puani. Kama hujafundishwa na mtu anayejua, usijaribu. Kinachosaidia ni kuwarahisishia wazazi kazi: yai la kuchemsha lililopondwa, asubuhi na tena mchana, na ulitoe kabla halijachacha. Uwele mkavu peke yake haumkuzi kinda vizuri.

Ukimkuta chini ya tundu, usimtupe hata kama ni wa baridi na hatikisiki. Mfunike kwa viganja viwili, umpulizie pumzi yako polepole. Nimewahi kukaa hivyo robo saa, chai ikapoa, mke wangu akinitazama kama mwehu, mpaka nikasikia kitu kinanikuna kiganjani. Usimpe chochote mdomoni akiwa wa baridi. Akishapata joto mrudishe kiotani. Yale maneno kwamba wazazi watamkataa kwa sababu ana harufu ya mtu si kweli kwa ndege hawa. Wakimtupa tena na tena, tazama wewe unachungulia mara ngapi kwa siku (mimi nilikuwa nachungulia kila nikipita), kama wazazi wenyewe bado ni wachanga mno, na kama dume bado ana nyasi za kujengea. Nyasi ziondoe mayai yakishatagwa, la sivyo atajenga juu ya mayai au juu ya watoto na kuwafukia.

Sisimizi nao wasikupite. Miguu ya meza ya tundu iweke kwenye makopo ya maji, kama tunavyofanya kwenye kabati la sukari.

Halafu kuna huzuni yenyewe. Jirani yangu alicheka: "Mzee, si ndege tu hao, wataangua wengine." Ni kweli wataangua, tena upesi, na hapo ndipo wengi tunapokosea. Tunawaacha wazae papo hapo ili kufuta msiba. Mimi nilitoa kiota, nikawapumzisha miezi mitatu. Jike nilimpa maganda ya mayai yaliyosagwa na kile kipande cheupe cha mgongoni mwa dome, yule wa baharini jamii ya ngisi, ambacho shemeji yangu huniokotea ufukweni Tanga. Binti yangu alimzika kinda chini ya mpapai, akaweka kijiwe. Sikumwambia aache kulia, ila nilimwambia ukweli kuhusu dirisha.

Sasa kiotani wako wanne. Wa mwisho ni mdogo kuliko ncha ya kidole changu, kichwa kinamlemea. Jana jioni, kabla sijazungusha blanketi, nilichungulia mara moja tu. Shingoni alikuwa na punje saba.