Unataka Kutangaza Muziki? Usikimbilie Dar, Anza na Wazee wa Tabora

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Urambo, hapa mkoani Tabora, aliniandikia: "Dada shikamoo. Watu wananisifu nina sauti nzuri, nataka kutangaza muziki redioni kama wewe. Nihamie Dar?" Swali hili huwa nalijibu kwa mkato. Leo nalijibu kwa kirefu, maana linanigusa.

Mdogo wangu, sauti nzuri wanayo wengi. Redio zimejaa vijana wenye sauti za kuvutia wasiojua wimbo wanaoupiga ni wa nani. Utamsikia mtu anatangaza, "Western Jazz ya Tabora." Western Jazz ilianzishwa na akina Iddi Nhende, ni kweli watu wa Jimbo la Magharibi, lakini bendi ilikuwa ya Dar es Salaam. Za hapa kwetu zilikuwa Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids ya Salum Zahoro. Mtangazaji akikosea hayo, wazee wanazima redio, na mimi siwalaumu.

Mimi nilianza kwa kusoma salamu. Nilipoomba kipindi cha zilipendwa, bosi wangu wa wakati huo aliniambia mbele ya wenzangu, "Mwanamke atajua nini mambo ya magitaa? Chukua kipindi cha mapishi." Wenzangu wakacheka. Maneno hayo bado yananiuma, sitaficha.

Nikaenda kata ya Ng'ambo, hapahapa Tabora, kwa mzee mmoja aliyewahi kupiga gitaa la rizimu, lile linalosindikiza gitaa la solo linaloongoza, kwenye bendi ya dansi. Gitaa lake lilikuwa limebaki mti mtupu, nyuzi zote zimekatika. Nilimchezea wimbo kwenye simu, akalipakata lile gitaa, vidole vikawa vinatembea kwenye shingo ya gitaa huku mdomo unaimba sehemu yake: "ti-ri-ti, ti-ri-ti." Akanigusa mkono. "Unayemsikia ni wa solo. Mwache. Mtafute wa chini yake." Tuliurudia wimbo ule mpaka nikamsikia wa rizimu, kisha wa besi, kisha tumba, zile ngoma za mkono. Tangu siku hiyo sijausikiliza muziki wa dansi kama zamani.

Nikanunua daftari. Kila wimbo una ukurasa wake: bendi, mtunzi, mwimbaji, nani kapiga solo, nani rizimu, nani besi, ulirekodiwa wapi, na nani kaniambia. Hilo la mwisho usiliache kamwe, kwa sababu wazee nao hupishana. Bendi nyingi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na santuri nyingi zilitokea Nairobi. Kwenye lebo utakuta bendi na mtunzi, mpiga besi utamtafuta usimwone. Jina lake liko kwa wazee, na wazee wanatuondoka.

Kipindi nilikipata, tena redio nyingine. Siku hizi kule nilikochekwa ndiko wanakonipigia simu kuuliza nani alipuliza saksafoni wimbo fulani. Nawajibu vizuri tu, na jina la mzee aliyenifundisha nawatajia.

Kwenye makala ni hivyohivyo. Ukiandika "gwiji" na "nguli" hujaandika kitu. Mweleze msomaji solo inaingia wapi na tumba inabadilika lini, hapo atautafuta wimbo mwenyewe. Vijana, someni! Ulizeni! Andikeni! Mnashinda mtandaoni mkifuatilia nani kaachana na nani, halafu mnajiita waandishi wa muziki. Muziki uko wapi hapo?

Na chuo usikidharau. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka mwandishi wa habari awe na ithibati, yaani kibali rasmi cha kufanya kazi hiyo, kwa hiyo tafuta angalau stashahada ya uandishi wa habari. Jiandae pia kujitolea bila mshahara, redio nyingi za mikoani zinaanza na mtu hivyo. Mimi kipindi hicho niliishi kwa kuuza asali.

Dar ipo, haihami. Kwanza ulizia hapohapo Urambo nani alikuwa anapiga dansini miaka ya 1970. Ukienda kwake, mchukulie sukari, mwamkie, kaa. Usitoe simu kurekodi kabla hajakuruhusu. Kama una ndugu Kigoma, panda treni ukawasikilize na wa kule, waliokulia na rumba ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Ukimpata wa kwanza, niandikie jina la bendi yake. Kama halimo kwenye daftari langu, nitakuja tukae naye wote wawili.