35mm f/1.8 au 70-300? Anza na 35
Ndugu, umeuliza ununue lenzi gani kati ya hizi mbili, 35mm isiyovuta au 70-300 ya kuvuta mbali. Kwa picha ulizosema unapenda, ngoma za usiku na wazee wa Mikindani barazani, hiyo 70-300 iache dukani kwanza. Chukua 35mm f/1.8. Ile lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera, ukiivuta mpaka mwisho tundu lake la mwanga halifunguki zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Kwenye f/1.8 mwanga unaingia karibu mara 10 zaidi, kwa hiyo ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) ya 6400 inashuka mpaka kama 640, na uso wa mtu unabaki na ngozi yake, bila chengachenga. Kwa sensa yako ya APS-C, ambayo ni ndogo kuliko fulufremu (sensa kubwa ya ukubwa wa filamu ya 35mm), lenzi ya 35mm inaona kama ya 50 na kitu kwenye fulufremu: sogea hatua mbili tu, umempata mchonga vinyago, patasi na mikono yake yote. Ya kuvuta mbali utaitaka ukianza kupiga ndege.

Hakikisha kitako cha lenzi kinaendana na kamera, maana ya Sony E haiingii kwenye Canon RF. Na Msimbati upepo ukivuma, tafadhali usibadilishe lenzi ufukweni. Badilishia ndani ya gari.