Logi za systemd: ugomvi ulikuwa wa maandishi, mimi nikaumwa kwingine

Mkuu, umeuliza mawili: mbona Debian 12 (aina ya Linux) uliyoweka juzi haina /var/log/syslog, lile faili la logi, yaani kumbukumbu za matukio ya mashine, na kama waliopiga kelele mwaka 2011 dhidi ya logi za systemd, programu inayoendesha huduma za Linux, walikuwa na hoja au ni ubishi tu. Nakujibu kwa yaliyonikuta, maana nimeshakaa pande zote mbili.

Novemba 2011 Lennart Poettering na Kay Sievers, watengenezaji wa systemd, walitoa pendekezo la journal, mfumo mpya wa logi ndani ya systemd. Logi zisiandikwe tena kama maandishi ya kawaida, zikae kwenye faili la baineri (lisilosomeka kwa macho bila programu maalumu) lenye faharasa. Agosti ya mwaka huohuo kernel.org, tovuti ya kernel ya Linux, ilikuwa imevamiwa, nao wakaitumia kama ushahidi kwamba logi za maandishi zinachezewa. Baineri peke yake isingewasha moto ule. Waliandika pia kwamba mpangilio wa faili hawana nia ya kuusanifisha na watakuwa wanaubadilisha watakavyo. Umwambie hivyo mtu aliyezoea cat na grep (amri za kusoma na kutafuta maandishi) tangu enzi za Eric Allman, aliyeanzisha syslog, na programu yake ya barua pepe Sendmail, halafu utegemee akupigie makofi? Mpangilio ulikuja kuwekwa hadharani baadaye, lakini matusi yalikuwa yameshatoka.

Ila Poettering na Sievers nao hoja walikuwa nayo. Ingia kama mtumiaji wa kawaida kwenye mashine yenye rsyslog (programu inayoandika logi kwa maandishi), andika:

logger -t sshd "root kaingia"

Fungua faili la syslog uone: mstari umekaa kana kwamba sshd, programu ya kuingilia mashine kwa mbali, ndiyo iliyosema. Sasa isome journal kwa amri ya journalctl _COMM=sshd, yaani mistari iliyoandikwa na sshd yenyewe. Haupo. Ukiutafuta kwa -t sshd -o verbose utaukuta, na chini yake _COMM=logger pamoja na _UID yako, namba yako ya mtumiaji. Umeumbuka.

Siku niliyoona hilo nikawa mlokole. Kazini tulikuwa na seva ya CentOS 7 (Linux nyingine), nikaifuta rsyslog kabisa, ya nini tena? Usiku mmoja seva ikaganda. Mlinzi akaelekezwa kwa simu abonyeze kitufe, ikazima, ikawaka. Asubuhi bosi anataka kujua saa nane usiku kulitokea nini. Naandika journalctl --list-boots, orodha ya mara mashine ilipowashwa, unakuja mstari mmoja tu, namba 0, yaani uwashaji wa sasa. Logi zinaanzia saa kumi na moja alfajiri, baada ya mlinzi. Kabla ya hapo, patupu.

Sababu: mpangilio wa kawaida wa journal, Storage=auto, huandika kwenye diski pale tu saraka ya /var/log/journal inapokuwepo. Isipokuwepo, logi zinakaa /run, yaani kwenye RAM, umeme ukienda nazo zinakwenda. CentOS 7 haikuwa na saraka hiyo, na iliyokuwa ikituokoa siku zote ni rsyslog ileile niliyoifuta kwa mbwembwe. Mabishano yote yale niliyokuwa nayasoma, jicho langu lilikuwa kwenye baineri na maandishi. Swali la logi zinalala wapi sikuwahi kujiuliza.

Kwako hali ni nafuu. Debian imekuwa ikiweka journal kwenye diski tangu toleo la 11, na katika la 12 rsyslog haiji yenyewe, ndiyo maana huoni /var/log/syslog. Kama una mashine moja, usijisumbue kuirudisha. Weka tu SystemMaxUse=1G kwenye /etc/systemd/journald.conf, kwa sababu kawaida yake ni asilimia 10 ya diski, mwisho 4G, na VPS (seva ya kukodi) ndogo itakulalamikia.

Ukiwa na mashine nyingi, irudishe rsyslog uitume logi kwenye mashine nyingine. Na hapa wazee wa maandishi nawapa haki yao: umeme ukikatika ghafla, journald, programu inayoandika journal, inaweza kukuta faili limeharibika, inalisogeza pembeni na alama ya ~ mwishoni, inaanza jipya. La zamani mara nyingi linasomeka, lakini si lote kila mara. Maandishi yakikatika katikati, nusu ya mstari unaiona kwa macho yako.

Kabla hujaiamini, washa upya seva kwa makusudi, kisha andika journalctl -b -1. Ikikuletea mistari ya kabla ya kuzima, kalale.