Kwa nini 6 izidishwe na −20?

SWALI: Mwalimu, salaam aleikum. Niko kidato cha tatu, hapa Lamu. Nikipewa x² + 5x + 6 napata vigawo vyake bila taabu. Lakini 6x² + 7x − 20 imenishinda: nimetafuta nambari mbili zenye zao −20 na jumla 7, sikuziona. Mwenzangu asema nizidishe kwanza 6 na −20. Jibu lake ni sahihi, ila hajui kwa nini, nami sipendi kufuata tu.

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Hapo kwenye “kwa nini” ndipo wengi hupita mbio, kwa hiyo tuanze na jibu lenyewe kisha turudi nyuma:

(2x + 5)(3x − 4)

Fungua mabano polepole. 2x mara 3x ni 6x². 2x mara −4 ni −8x. 5 mara 3x ni 15x. 5 mara −4 ni −20. Ile 7x uliyopewa ni −8x na 15x zilizokwisha kuunganishwa. Kazi yako ni kuzitenganisha tena.

Sasa tazama zilikotoka. −8 ni 2 mara −4; 15 ni 5 mara 3. Ukizidisha −8 na 15, umezidisha nambari zote nne za ndani ya mabano: 2, −4, 5 na 3. Lakini 2 na 3 ndizo zilizozaa 6, na 5 na −4 ndizo zilizozaa −20. Kwa hiyo zao la zile mbili za katikati halina budi kuwa 6 mara −20, yaani −120. Kwenye x² + 5x + 6 sheria ni hiyohiyo, ila nambari ya mbele ni 1, na kuzidisha kwa 1 hakuonekani.

Basi: zao −120, jumla 7. Ni 15 na −8.

6x² + 15x − 8x − 20
3x(2x + 5) − 4(2x + 5)

Chunga hapo kwenye −8x − 20. Toa −4, si 4, la sivyo mabano ya pili yatakuwa (−2x − 5) nawe udhani umekosea njia. Nasahihisha kosa hili kila muhula hapa Malindi.

Kuhakiki, weka x = 2. Swali linatoa 24 + 14 − 20 = 18; mabano yanatoa 9 × 2 = 18. Chukulia ni chumba: eneo mita 18 za mraba, urefu 9, upana 2. Kirefu na chembamba, kama vile vya nyumba za mawe huko kwenu, ambako upana hufuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Kutafuta vigawo ni kupewa eneo ukatafuta kuta.

Na kabla hujakesha na swali, chukua nambari ya katikati uizidishe kwa yenyewe, kisha utoe 4 mara zao lile: 49 + 480 = 529, ambayo ni 23 mara 23. Ikitoka hivyo, vigawo vya nambari kamili vipo. Mpiga chapa akikosea akaandika −19, utapata 505, ambayo si mraba wa nambari kamili yoyote. Hilo liache, ukamuulize mwalimu wako kama swali limenakiliwa sawasawa.